Hakamu wa Calcutta

Seyyid Said bin Sultan alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, karibu na visiwa vya Shelisheli, akiwa ndani ya manowari yake Victoria, akirejea Unguja kutoka Maskati. Na miongoni mwa wanawe waliokuwa naye safarini alikuwamo Barghash, kijana ambaye umri wake ulikuwa haujatimia miaka 20 lakini tamaa yake ya utawala ilikuwa imekwisha pevuka. Kwa masimulizi ya dada yao Salme, Barghash aliishusha maiti ya baba yake usiku, akaizika kabla mji haujapata habari, akitaraji kuwa na watu wake katika mahali pa nguvu kabla ndugu yake Majid hajazinduka. Hakufaulu. Kulipopambazuka, mji ulikuwa wa Majid, na Barghash akarudi nyumbani kwake kuungoja wakati mwingine, na wakati huo haukukawia kumfikia.

Marehemu aliacha watoto 36, wake kwa waume, na aliacha milki yenye mabawa mawili yasiyolingana. Maskati ilikuwa asili ya ukoo na makaburi ya mababu, nchi ya mawe na tende, ambayo Wahabi wa jangwani hawakuacha kuitaka kodi. Unguja ilikuwa na karafuu, ilikuwa na pembe za ndovu zilizobebwa kutoka bara kwa mabega ya watu, na ilikuwa na forodha, iliyokodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, ambayo peke yake ilimpa Sultani fedha kuliko bandari zote za Omani. Thuwaini, aliye mkubwa kuliko Majid, alikuwa ameachwa Maskati kushika mahali pa baba. Majid alikuwa ameachwa Unguja. Turki alikuwa Sohar, naye hakutaka kumtii mtu. Seyyid Said hakuacha neno la kukata shauri kati yao, na katika kawaida za Waibadhi uzazi wa kwanza si hoja. Mtawala ni yule aliyeridhiwa na wakubwa wa makabila na kuweza kukishika alichopewa. Basi kila mmoja alikuwa na haki mahali alipokuwa amekaa, na hakuna aliyeridhika na pale alipokaa, illa Majid, ambaye alikaa juu ya forodha.

Mpatanishi wa kwanza alitoka katika ukoo wenyewe. Muhammad bin Salim, binamu yao, alivuka bahari kutoka Maskati kuja kusema na Majid, na maneno yakaishia katika fedha: Majid angempelekea ndugu yake riale 40,000 kila mwaka. Hiyo ndiyo sulhu ambayo watu wa heshima hupenda kuifanya, ya maneno matamu barazani, kahawa ikipita, kila mmoja akiondoka na maana yake moyoni. Thuwaini aliitakidi kwamba amepokea kodi kutoka kwa mtu wa chini yake. Majid aliitakidi kwamba amemsaidia ndugu aliye katika dhiki, na ya kuwa msaada ni hiari ya msaidiaji. Maadamu fedha ilikwenda, tofauti hiyo haikuonekana. Ilipokawia, Thuwaini alitengeneza merikebu zake.

Ilikuwa Februari 1859. Sisi tuliozaliwa pwani ya mashariki, Paje na Bwejuu na Jambiani, ambako kaskazi hupiga moja kwa moja usoni na bahari ikitoa huacha mchanga na majani mpaka kwenye mwamba, hatuhitaji kuelezwa maana ya mwezi huo. Kaskazi huwa ingalipo, lakini siku zake zimekwisha anza kuhesabika. Anayetoka Omani na jeshi lake akachelewa, itamlazimu kungoja mpaka upepo wa mwaka wa pili. Gavana wa Bombay, Lord Elphinstone, alilijua hilo, au manahodha wake walilijua kwa niaba yake. Aliipeleka Punjaub, merikebu ya moshi isiyoomba ruhusa kwa kaskazi wala kusi, ikamkuta Thuwaini yuko njiani kwenye pwani ya Omani, na mjumbe wake akamwambia kwa adabu kwamba Serikali ya India haitapenda kuona vita katika bahari hizi, na kwamba lau atakubali kuliweka shauri lake mbele ya Gavana Mkuu, atasikilizwa kwa insafu. Thuwaini aliitazama manowari, akatazama na upepo, akarudi.

Si vema tujifanye hatujui kwa nini Bombay ilikuwa na haraka hiyo ya mapenzi. Miaka miwili nyuma yake India ilikuwa imewaka moto wa uasi, na Waingereza walikuwa wangali wakiyafukia makaa yake. Mwezi wa Aprili wa mwaka huo huo 1859 majembe ya kwanza yalipigwa katika ardhi ya Suez, na waliokuwa wakichimba walikuwa Wafaransa. Wafanyabiashara wengi wa Unguja walikuwa Wahindi, ambao Balozi wa Kiingereza alidai kuwa ni raia wake. Vita vya ndugu vingeifunga forodha, na katika moshi wa vita hivyo bendera ya Ufaransa ingeweza kupata mahali pa kusimama. Kwani Balozi wa Kifaransa, Ladislas Cochet, alikuwa rafiki wa mahasimu wa Majid, na jambo hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote mjini.

Mahasimu hao walikuwa wengi zaidi ndani kuliko nje. Waharthi, watu wa kale na wenye mashamba, chini ya Abdallah bin Salim, hawakuupenda ukubwa wa Albusaidi, ukoo wa Majid. Na Barghash alikuwa amewapa bendera ya kukusanyikia. Mambo yaliyotokea Oktoba 1859 tunayajua kwa karibu kuliko kawaida ya mambo ya nyumba za kifalme, kwa sababu mmoja wa waliokula njama alikuja kuyaandika: Salme, binti wa Seyyid Said, msichana wa miaka kama 15, aliyejifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia, katika zama ambazo mwanamke wa daraja yake alifundishwa kusoma tu. Dada yake Khole alimpenda Barghash kuliko ndugu wote, na Salme alimpenda Khole. Hivyo ndivyo alivyoingia. Wakuu wa njama walihitaji mwandishi asiyeshukiwa, na usiku, taa ikiwa imefifizwa, mkono uliojifunza juu ya mfupa ukawa unaandika barua za kuagiza bunduki na baruti.

Majid alipozinduka aliizunguka nyumba ya Barghash kwa askari, akayakata maji yake, akitaraji kwamba kiu itafanya kazi ya mizinga. Khole na Salme walitoka usiku na msafara wa wanawake, wakaingia kumtazama ndugu yao, nao askari hawakuthubutu kuwagusa mabinti wa Seyyid Said. Na walipotoka, mmoja katika wale waliojitanda shela mpaka machoni alikuwa ni Barghash mwenyewe. Alikwenda Marseilles, shamba ambalo ndugu yao marehemu Khalid alikuwa amelipa jina la bandari ya Ufaransa kwa mapenzi yake kwa nchi ile, na huko wafuasi wake wakajijengea boma. Majid alitoka na jeshi lake. Balozi wa Kiingereza, Christopher Rigby, akampa askari wa majini na mizinga kutoka katika manowari zilizokuwa bandarini. Jumba likapigwa siku nzima. Usiku Barghash alitoroka akarudi mjini, nyumba yake ikazungukwa tena, na mara hii waliomzunguka walikuwa Waingereza. Alijisalimisha, akaapishwa, akapandishwa chomboni kwenda kuishi Bombay.

Hapa ndipo msomaji anapopaswa kusimama kidogo. Shauri la Majid na Thuwaini lilikuwa limekwisha wekwa mbele ya Serikali ya India ili liamuliwe kwa insafu. Na kabla ya hukumu, watumishi wa serikali ile ile walikuwa wamekwisha piga mizinga kwa upande wa mmoja wa wadaawa. Sisemi kwamba Rigby alifanya hiana, kwani aliamini kwamba akimwacha Barghash ashinde mji utachafuka. Nasema tu kwamba Thuwaini, alipozipata habari za Marseilles, hakuhitaji mtabiri wa kumwambia shauri lake litakavyokwisha.

Mwaka 1860 Serikali ya India iliteua tume chini ya Brigedia William Coghlan, Mkaazi wa Kiingereza huko Aden, naye akafuatana na kasisi George Percy Badger, aliyekijua Kiarabu na vitabu vyake kuliko wenziwe wote. Walikwenda Maskati kwanza, wakasikiliza. Kisha wakaja Unguja, wakasikiliza. Wakauliza mapokeo ya urithi wa Omani tangu Ahmed bin Said, aliyeanzisha ukoo huo. Na Coghlan akapata rai kwamba Thuwaini hana haki kwa kuwa mkubwa tu, kwamba Majid amekubaliwa na watu wa kwake, na kwamba kuzitenga nchi hizi mbili kutafaa biashara na kutasaidia kukomesha usafirishaji wa watumwa. Rai hiyo ilikuwa na hoja za kisheria zilizo imara. Kadhalika ilikuwa ndiyo rai iliyoifaa London na Calcutta, kwa kuwa milki mbili dhaifu ni nyepesi kuongozwa kuliko moja yenye nguvu. Kwamba haki na masilahi yalikutana njia moja si dalili ya uwongo, walakini hakimu mwenye bahati ya namna hiyo hastahili kusifiwa kwa ugumu wa kazi yake.

Lipo jambo ambalo sijamwona mwandishi wa mambo haya akilitaja, nami hulistaajabia kila nilisomapo shauri hili. Madhehebu ya Ibadhi, waliyoyafuata wana wa Seyyid Said, asili yake ni kukataa uamuzi wa mahakamu. Siffin, katika mwaka wa 37 wa Hijra, Sayyidna Ali na Muawiya walipokubaliana kuweka wawili wa kuamua baina yao ili damu ikome, walitoka watu wakasema kwamba hukumu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na watu hawana mamlaka ya kuikabidhi kwa binadamu. Na katika mti huo wa wakataaji ndipo lilipochipua tawi la Waibadhi. Miaka 1,200 baadaye, wafalme wawili wa madhehebu hayo waliutia mkono wao katika hati, wakaahidi kuridhika na neno la Mkristo mmoja aliyekaa Calcutta, ambaye hakupata kukanyaga Maskati wala Unguja. Sidhani walisahau. Nadhani manowari ina namna yake ya kufasiri masuala ya fiqhi.

Lord Canning, Gavana Mkuu wa India, alitoa hukumu yake tarehe 2 Aprili 1861. Majid atakuwa mtawala wa Unguja na wa milki zote za Afrika za marehemu baba yake. Mtawala wa Unguja atamlipa mtawala wa Maskati riale 40,000 kila mwaka. Na Majid atalipa malimbikizo ya miaka miwili, yaani riale 80,000. Aliongeza kueleza kwamba malipo hayo si alama ya utumwa wa nchi moja kwa nyingine, wala si baina ya Majid na Thuwaini tu kama watu wawili, bali yatawashika na warithi wao, kwa ajili ya kusawazisha urithi usiolingana. Ndugu wote wawili waliandika kukubali. Kosa la sulhu ya Muhammad bin Salim, ambayo fedha yake ilikuwa ni ile ile wala haikuongezeka hata riale moja, lilikuwa limezibwa: sasa ilijulikana fedha inatolewa kwa nini, na ilijulikana nani ataulizwa isipotolewa.

Katika vifungu hivyo hamna jina la Mwinyi Mkuu. Muhammad bin Ahmed, mtawala wa asili wa Wahadimu, alikuwa hai, anakaa Dunga katika jumba lililomalizika kujengwa mwaka ule ule aliofariki Seyyid Said. Na miji yetu ya kusini na mashariki ilimtambua yeye, ikamlipa yeye kodi ambayo fungu lake lilikwenda kwa Sultani. Kisiwa kiliingizwa katika mirathi ya watu wawili, na watu wa Paje walikuwamo ndani ya mirathi hiyo pamoja na mikarafuu. Katika miji hii mashauri yalikatwa na wazee walioitwa watu wanne, nao walichota maji katika kisima kimoja na wagomvi, hata hukumu yao ikienda kombo waliionja uchungu wake wao wenyewe. Lord Canning aliondoka India mwaka uliofuata hukumu, akafa huko kwao Uingereza mwezi wa Juni 1862, na uchungu wa aliyoyaamua, kama ulikuwapo, hakuuonja.

Kutokuwapo barazani ni kwa namna mbili, na Afrika ya Mashariki imeziona zote. Mwalimu Nyerere alipowakusanya Warundi Arusha mwaka 1998 kuvisuluhisha vita vyao, waliokosekana walikuwa wenye silaha. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 kabla ya kazi kwisha, Nelson Mandela akaipokea, na mkataba ukatiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, lakini makundi makubwa mawili yaliyokuwa yakipigana msituni hayakuwamo, na bunduki hazikunyamaza. Kundi la CNDD-FDD lilingojewa mpaka 2003, na FNL zaidi ya hapo. Asiyekuwapo naye ana bunduki, huisikizisha dunia kwamba hakuwapo. Asiyekuwapo naye hana, kama Mwinyi Mkuu wa Dunga, hufa kimya mwaka 1865, mwanawe akamfuata 1873, na cheo chenyewe kikazikwa pamoja naye.

Tukirudi kwa Nyerere, wapo Warundi, hasa katika vyama vya Watutsi, waliolalamika kwamba hakuwa mtu wa kati, kwa kuwa Tanzania ilikuwa imejaza wakimbizi wa upande mmoja, na kwa kuwa ndiye aliyekuwa nguzo ya vikwazo ambavyo majirani walimwekea mtawala wao, Buyoya, mwaka 1996. Malalamiko hayo yalikuwa na ukweli. Lakini ni nani mwingine angejali kukaa nao miezi na miezi? Mtu asiye na masilahi katika vita vyako aghalabu hana subira ya kuvisikiliza, na mwenye subira utakuta ana mpaka na wewe, au ana forodha ya kuchunga.

Hukumu ya Canning ilisimama kwa sababu aliyeitoa alikuwa na merikebu za kuisimamisha. Tarehe 10 Machi 1862 Uingereza na Ufaransa ziliwekeana ahadi huko Paris kuuheshimu uhuru wa masultani wote wawili, na Balozi wa Kifaransa huko Unguja akakosa mchezo. Thuwaini alipouawa Sohar mwaka 1866 na mwanawe wa kumzaa, Salim, Majid alisema hatamlipa muuaji wa baba yake riale hata moja, neno ambalo kila mwenye murua angelikubali. Akajibiwa kwamba malipo si ya mtu, ni ya kiti. Majid alifariki Oktoba 1870. Barghash, yule yule wa shela, aliyeletwa nyumbani kutoka Bombay na kuishi kimya, akakalia kiti. Na katika muda wa utawala wake akaujua utamu na ukali wa mdhamini. Mwaka 1873 alilazimishwa, chini ya tishio la kufungiwa bandari, kuufunga mnada wa watumwa, na hilo ni jambo ambalo leo hakuna wa kulisikitikia. Mwaka 1885 manowari za Kijerumani zilikuja kutia nanga mbele ya jumba lake. Aliwageukia wadhamini wake, nao wakampa ushauri wa kukubali. Na mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walimpimia bara yake, wakamwachia ukanda wa pwani wa maili 10. Miaka minne baadaye Unguja yenyewe ikawa chini ya himaya.

Mdhamini asiye na merikebu naye tumemwona. Baada ya uchaguzi wa Zanzibar wa 1995, vyama vya CCM na CUF vilipofika mahali pa kutozikana wala kuozana, Jumuiya ya Madola chini ya Katibu Mkuu wake, Chifu Emeka Anyaoku, ilimleta Moses Anafu wa Ghana, akaenda na kurudi mpaka Muafaka ukatiwa sahihi mwaka 1999. Ulikuwa mkataba mzuri uliokosa wa kuudai. Uchaguzi wa 2000 ukaharibika, na Januari 2001 watu waliuawa kwa risasi Pemba na Unguja, na wengine kwa mamia walivuka kwa ngalawa na mashua hadi Shimoni, wakawa wakimbizi Kenya. Muafaka wa pili, wa Oktoba 2001, vyama viliandikiana vyenyewe. Na maridhiano yaliyodumu zaidi kuliko yote mawili yalitokana na Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad kukutana wao kwa wao Novemba 2009, pasina mgeni, kisha kura ya maoni ya Julai 2010 ikakubali serikali ya pamoja kwa thuluthi mbili ya wapiga kura. Nimesikia watu wakisema kwamba huo ni ushahidi wa kutowahitaji wageni. Mimi nadhani ilihitajiwa miaka 10 ya mikataba iliyovunjika, ya mgeni na ya wenyeji, mpaka wawili hao wakafika mahali pa kujua bei ya kuvunja.

Ama zile riale 40,000 zilizowatoa ndugu wawili vitani, mwisho wake ni huu. Barghash hakupenda kulipa kama Majid asivyopenda, na mnamo mwaka 1873, katika harakati zile zile za mikataba ya kukomesha biashara ya watumwa, Waingereza walichukua dhima ya malipo wao wenyewe, ili Sultani Turki wa Maskati, aliyetia sahihi mkataba wake nao, asikose. Fedha ikahesabiwa kwa rupia, 86,400 kwa mwaka, ikatolewa Maskati na wakala wa Kiingereza kwa sharti kwamba mpokeaji adumu katika urafiki na atimize ahadi zake. Ikaendelea kutolewa hata karne ya 20, kwa wana na wajukuu wa Turki, ilhali Unguja haikuwa ikichangia hata pesa moja. Na katika daftari za wakala huyo jina lake lilibaki lile lile, ruzuku ya Zanzibar.